Wenye vipaji vya masomo: msianze na kumi bora

Mwalimu mwenzangu umeuliza kama shule yenu ichukue kumi bora wa mtihani wa muhula iwaite kundi la vipaji. Nafundisha hisabati sekondari na kazi hii nimeifanya. Kwangu jibu ni hapana.

Mtihani wa muhula unapima yaliyofundishwa, basi. Aliyepata 96 na aliyepata 99 unawaona sawa kwa sababu karatasi iliishia hapo. Uwezo wao huenda umepishana sana. Kumi bora wengi ni watoto wa bidii na daftari safi, wanafunzi wazuri kabisa. Anayepotea ni yule mwenye 61: maswali mepesi kayaruka kwa kuchoshwa, lile gumu la mwisho kalipata kwa njia ambayo hukuifundisha.

Hata watafiti yamewakuta. Mwanasaikolojia Lewis Terman alianza utafiti wake wa watoto wenye akili nyingi huko California mwaka 1921. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa, alama hazikutosha. Baadaye wote wawili walipata Nobeli ya fizikia, 1956 na 1968.

Kilichotusaidia sisi ni kuwapa kidato cha kwanza karatasi ya kidato cha tatu, bila maandalizi, na maksi haziingii kwenye ripoti. Wazo si letu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa hisabati uliotungwa kwa wanaoomba vyuo vikuu. Wapeni WOTE. Mkisema walimu wapendekeze majina, mtaletewa wachangamfu wanaojua kujieleza, na mkimya au anayehangaika na lugha ya kufundishia atabaki palepale. (Na mtoto wa mwalimu atakuwemo, tusidanganyane.)

Ukishawapata, usiwaongezee maswali ishirini ya aina ileile. Hiyo ni adhabu, na mtoto mwerevu atajifunza haraka kuficha uwezo wake. Joseph Renzulli, mtafiti wa elimu ya wenye vipaji, na wenzake walipendekeza kinyume chake: punguza. Mtihani wa mwisho wa mada mpe mwanzoni. Akiufaulu, mwachilie mada hiyo na umpe tatizo linalomtesa kweli, hata la wiki mbili. Wenzako watalalamika kwamba unaharibu nidhamu. Walalamike. Kumgeuza mwalimu msaidizi wa wenzake kila kipindi nako si kumsaidia, japo ndiko kunakoturahisishia kazi.

Jitayarishe pia kumwona akikosa. Hawa hawajazoea kushindwa, wengine wakikutana na swali lisilokubali siku ya kwanza wanalia au wanaliita la kijinga. Usikimbilie kumpa jibu. Kaa naye, muulize amejaribu nini. Na majina yao msiyasome paredi.

Ugumu mkubwa niliouona hauko kwa watoto, uko kwenye ratiba. Anayeweza hisabati ya kidato cha tatu akiwa cha kwanza aende akasome huko, somo hilo tu, mengine abaki na rika lake. Hilo linawezekana ikiwa vipindi vya hisabati vya vidato hivyo viwili vimepangwa wakati uleule. Mwone mwalimu wa taaluma kabla hajabandika ratiba. Akishaibandika, subiri mwaka ujao.