Mbona wezi wa kadi wameishia kurushiana risasi?

SWALI: Anko shikamoo. Juzi jamaa wa laibrari hapa mtaani kanijazia muvi kwenye flashi, kati ya hizo ipo moja inaitwa Plastic, ya 2014, wanafunzi wa chuo kule London wanaiba kwa kadi za benki za watu. Mwanzo nikasema leo ndo leo, nikamwita mpaka mama watoto aache jiko aje aone. Katikati nikasinzia, nashtuka naona watu wanatoana roho kwa bunduki, nikajua flashi imeruka imeingia muvi nyingine. Ni mimi nimezeeka au muvi ndo ina shida? Alafu mbona wameandika ni kisa cha kweli?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujazeeka na flashi yako nzima, umesinzia palepale muvi yenyewe iliposinzia.

Kwa ambao hawajaiona: Sam na Fordy (Ed Speleers na Will Poulter) na wenzao wawili, mmojawapo Alfie Allen yule Theon wa Game of Thrones, wanatumia kadi za watu kununua vitu na kugeuza hela. Siku wanamuibia mtu asiyeibiwa, jambazi Marcel, kacheza Mjerumani Thomas Kretschmann, yule afisa wa jeshi kwenye The Pianist. Sasa anataka mamilioni ya pauni. Wanamvuta dada anayefanya kazi kampuni ya kadi ili awatolee taarifa za matajiri, wanapanda ndege mpaka Miami, na mwisho wanaingia kwenye almasi na mitutu.

Umeona? Wazo lote tamu liko nusu ya kwanza. Mimi mwizi wa bunduki nimeshamuona mara mia, sihitaji tiketi nyingine ya kumuona. Mwizi anayesimama kaunta na kadi isiyo yake huku anamtabasamia keshia, huyo ndo nilikuja kumwangalia!

Na hiyo Miami yani inauma zaidi. Uingereza kuanzia Februari 2006 ukilipa kwa kadi dukani kwa kawaida ilibidi iwe ya chipu na uweke namba ya siri, mambo ya kusaini yakawa yamepita. Marekani wakati muvi inatoka bado watu wanaswaipu ule mstari mweusi wa nyuma na kuweka saini, na mstari ule ukishaukopi umemaliza, maana unatoa taarifa zilezile kila siku, wakati chipu inatengeneza namba mpya ya uthibitisho kila muamala. Mpaka Oktoba 2015 ndo wakabadili utaratibu, duka lisilo na mashine ya chipu likawa linabeba hasara lenyewe. Kwahiyo vijana wa London kuvuka bahari kwenda kuiba Miami ina mantiki kabisa, ingetosha mtu mmoja kuisema kwa sentensi mbili mezani, tungewaona ni watu wenye akili. Badala yake tunaonyeshwa ufukwe na bikini. Haya.

Kuhusu kisa cha kweli, bango haliwezi kukuchezea muvi. Ukitaka ukweli wenyewe Miami ileile alikuwepo Albert Gonzalez, yeye na wenzake walizunguka na gari na laptopu wakitafuta waifai za maduka zenye ulinzi mbovu, wakaondoka na namba za kadi zaidi ya milioni 40, na muda huohuo jamaa analipwa na serikali kama mtoa habari wao! Dola zaidi ya milioni 1 alizifukia uani kwa wazazi wake. 2010 akala miaka 20. Hakuna almasi hapo wala helikopta na bado mtu husinzii.

Nikwambie kitu kingine. Mwaka jana kwenye supamaketi moja kadi yangu, halali kabisa, ilikataa. Mashine ikalia, keshia akanitazama, akatazama kadi, akanitazama tena. Nyuma yangu mama mmoja kashika mkungu wa ndizi anavuta pumzi kwa nguvu. Sekunde kumi tu nilitoka jasho kama mwizi. Sasa fikiria aliyeshika kadi ya wizi! Hiyo ndo muvi, na waliipita mbio.

SWALI: Anko, sisi tusio na kadi hizo za mkopo inatuhusu nini?
Binti wa Morogoro

JIBU: Umeshawahi kupata meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Basi. Mwizi wa kwetu hahitaji kukopi kadi, anakuwinda siku unadaiwa kodi ya nyumba ndo anajifanya mwenye nyumba. Na nashangaa mpaka leo sijaona mtu wetu kaitengenezea muvi ya maana, muigizaji mmoja na simu mbili na chumba cha kupanga vinatosha.

SWALI: Niangalie ipi sasa?
Mbagala tena

JIBU: Mwambie jamaa wako akutafutie Emily the Criminal ya 2022. Aubrey Plaza ana deni la shule la dola 70,000, anapeleka chakula maofisini, anaanza kwa kununua tivii kwa kadi feki alipwe dola 200. Alafu anatumwa akanunue gari. Anaambiwa kabisa kadi ikipita ana dakika 8 kabla benki haijashtuka, na muuzaji hana haraka, anaangalia karatasi, anapiga simu. Hapo bunduki hakuna. Chai yangu ilimwagika kwenye kochi.