Mkoloni kaondoka, makaratasi yake yapo: maswali yenu kuhusu ukoloni

Maswali yamekuwa mengi, nimechukua yale yanayojirudia. Mengine nitayajibu haraka haraka, mengine yatarefuka mnivumilie.

Miaka 60 na ushee tangu uhuru bado tunamlaumu mzungu tu, hatuchoki?

Tumechoka, hata mimi nimechoka. Ila kulaumu ni kitu kimoja na kujua kitu kimetoka wapi ni kingine. Chukua sheria ya uchochezi. Waingereza waliiingiza kwenye kanuni ya adhabu ya India mwaka 1870, mwaka 1922 wakamhukumu nayo Gandhi kifungo cha miaka 6 kwa sababu ya makala tatu za gazeti, yaani makala tu. Kwao Uingereza wakaja kuifuta 2009 kwamba imepitwa na wakati. India huru sasa, nchi ya Gandhi mwenyewe, iliendelea kuwashtaki watu kwa sheria hiyo hiyo mpaka mahakama yao ya juu ilipoisimamisha 2022, na kuna nchi kadhaa zilizotawaliwa na Uingereza ambako bado ipo na inafanya kazi. Hapo wa kulaumiwa ni nani? Aliyeiandika ana lake, ila huyu aliyeingia ofisini akakuta rungu nyuma ya mlango, akamtukana aliyeliacha halafu akalitumia, huyo ni wetu kabisa na tusimfiche nyuma ya mkoloni.

Ni kweli mipaka ya Afrika ilichorwa Berlin kwa rula?

Nusu kweli. Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885, ulikuwa na wawakilishi wa nchi 14 na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani, ila pale walikubaliana zaidi kanuni za kugombea, mistari mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya wawili wawili. Rula ilitumika, hilo kweli, we angalia tu ramani. Ukitaka kuona matokeo yake angalia bendera ya Somalia, ile nyota ina ncha tano, kila ncha eneo moja walilogawanywa Wasomali: la Waingereza, la Waitalia, la Wafaransa, la Ethiopia na lile lililobaki Kenya. Halafu mwaka 1964 kule Cairo viongozi wetu wenyewe kwenye OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, wakaamua mipaka ya wakati wa uhuru iheshimiwe ilivyo. Somalia na Morocco wakakataa. Mi siwalaumu wale wengine, maana ukifungua mpaka mmoja yote inafunguka, lakini tuseme ukweli kwamba kuanzia siku ile karatasi ya mkoloni ikawa karatasi yetu.

Ukabila tumeletewa au ulikuwepo?

Hili ndo swali gumu na watu wanapenda kulijibu kirahisi. Makabila yalikuwepo, ugomvi ulikuwepo, mifugo ilikuwa inaibwa, tusijifanye tuliishi peponi. Kilicholetwa ni kugandisha. Rwanda kabla ya Wabelgiji kulikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa, na mfumo haukuwa wa haki, ila mlango ulikuwa na upenyo, Mhutu akipata ng'ombe wengi na hadhi ukoo wake ungeweza baada ya muda kuhesabiwa Watutsi, na Mtutsi aliyefilisika naye akashuka. Sasa miaka ya 1933 na 1934 Wabelgiji wakahesabu watu, kila mtu mzima akapewa kitambulisho chenye kabila lake, na mtoto anarithi la baba. Basi, mlango umefungwa. Waliwapa Watutsi elimu na vyeo, baadaye mwishoni mwa miaka ya 1950 upepo ulipogeuka wakahamia upande wa pili.

Nimewahi kuona picha za vile vitambulisho vya baada ya uhuru. Kimekunjwa kama kitabu kidogo, kuna picha ya mwenyewe, na mstari wa neno ubwoko, yaani kabila kwa Kinyarwanda, mbele yake maneno yamepangwa, Hutu, Tutsi, Twa, yale yasiyokuhusu yanakatwa linabaki moja. Kitu cha karani tu, kalamu na sekunde mbili. Mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani hicho ndicho walichokuwa wanakuomba kwanza. Karatasi haiui mtu, waliua watu, na walioyapanga yale mauaji walikuwa wa nchi huru tangu 1962 ambayo ingeweza kuufuta ule mstari siku yoyote. Haikuufuta mpaka baada ya mauaji ya kimbari.

Mbona Ethiopia haikutawaliwa na bado ina shida kama sisi?

Swali zuri na linapaswa kutunyima usingizi sisi wa kusema kila kitu ni ukoloni. Ethiopia iliwapiga Waitalia Adwa 1896, wakaja kuikalia 1936 hadi 1941 tu, na umaskini ulikuwepo, na njaa zilikuwepo, na nyingi zilitokana na watawala wake wenyewe. Lakini hata huko karatasi ilifika. Vita vya Ethiopia na Eritrea vya 1998 hadi 2000 vilianzia Badme, kamji kakavu ambako hamna dhahabu wala mafuta, makumi ya maelfu ya watu wakafa, na tume ilipokuja kuamua mpaka mwaka 2002 ilifungua nini? Mikataba ya 1900, 1902 na 1908 kati ya mfalme Menelik na Waitalia.

Ila si walitujengea reli na shule?

Walijenga. Fuata reli kwenye ramani uone inaenda wapi, nyingi zinatoka kwenye mgodi au shamba mpaka bandarini, chache sana zinaunganisha majirani. Na walioijenga ni kina nani? Reli ya Congo-Océan ya Wafaransa, 1921 hadi 1934, kilomita 500 na kitu, iliua maelfu ya Waafrika waliofanyishwa kazi kwa lazima.

Taifa linaweza kuwa taifa kwa lugha ya mkoloni?

Linaweza, lipo, mengine yameshaizaa upya lugha yenyewe. Kinachoniuma ni pale ambapo kesi yako inasemwa mahakamani kwa lugha usiyoijua wewe mshtakiwa. Indonesia walifanya ujanja mzuri, vijana wao mwaka 1928, bado wako chini ya Waholanzi, walichagua Kimalei kiwe lugha ya taifa, siyo Kiholanzi na wala siyo Kijava chenye watu wengi kuliko wote, lugha ya biashara ya bandarini isiyokuwa na kabila kubwa la kujivunia.

Na Kiswahili chetu tusikipake unga. Bendera tunayoisimamia wima ni neno la Wareno, shule na hela ni za Wajerumani, na hiki Kiswahili sanifu tunachosahihishana nacho kilisimamiwa na kamati iliyoundwa 1930 chini ya Waingereza kwa msingi wa Kiunguja (watu wa Kimvita wengine hawajasamehe). Kwa hiyo mtu akisema kitu fulani si chetu kwa vile kimepita mikononi mwa mkoloni, mi namuuliza anasema kwa maneno gani.

Fidia: nani amlipe nani?

Mpaka sasa aliyelipa kwelikweli ni mtumwa. Watumwa wa Haiti walijikomboa kwa Ufaransa 1804, mwaka 1825 Wafaransa wakaja na manowari wakadai faranga milioni 150 kuwafidia mabwana waliopoteza mali, na ndani ya hiyo mali walikuwemo watu. Haiti ikakopa Paris ili ilipe Paris. Mwaka 1838 deni likapunguzwa hadi milioni 90, na mikopo iliyotokana nalo ilikuja kuisha 1947.

Mwaka 2025 rais wa Ufaransa akatangaza tume ya wanahistoria wa nchi zote mbili ichunguze deni hilo. Makaratasi mengine tena, ila haya nayasubiri kuyasoma.