Idd Isimkute Mama Jikoni

Nguo mpya ya mama ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, imepigwa pasi tangu usiku. Sisi tulikoga, tukajipaka manukato, tukala tende zetu tatu tatu, tukatoka na baba huku tukileta takbira. Tuliporudi, nguo ilikuwa pale pale. Mama alikuwa jikoni, uso umemlowa jasho. Aliufuta mkono wenye unga kwenye gauni lake la kazi, kisha akanipa. "Idd mubarak, mwanangu. Khutba ilisemaje?"

Nilikuwa na miaka 12, na swali lile halijanitoka. Miaka yote niliyokaa kwetu sikumwona mama akienda kuswali Idd, wala hakuna aliyemkataza. Kazi ndiyo iliyomzuia, na sote tulikula alichopika tukamshukuru, basi.

Sasa nina familia yangu, na nikiulizwa namna ya kuandaa sikukuu nasema hivi: anza kuipanga siku kwenye swala, chakula kifuate. Ummu Atiyya (r.a.), swahaba wa kike, amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watoke siku za Idd mbili, hata wasichana na wenye hedhi. Wenye hedhi wakae kando ya mahali pa kuswalia, lakini wawepo, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Akaulizwa, na asiye na vazi la kujistiri je? Akasema mwenzake amvishe lake. Ikiwa kukosa nguo hakukumwachia mtu nafasi ya kubaki nyumbani, sembuse sufuria?

Idd-el-Fitr ndiyo inayotutia haraka, kwa kuwa mwezi huandama ama 29 ama 30, na habari huja magharibi imeshaingia. Hapo ndipo nyumba nyingi huanza kuhangaika usiku kucha. Mimi na mke wangu tunaihesabu Idd kana kwamba ni 29 siku zote. Ikifika tarehe 28 Ramadhani, nyumba imesafishwa, nguo za watoto zimejaribiwa (zimejaribiwa, si kununuliwa tu, viatu vinavyobana hujulikana asubuhi ya Idd), viungo vimesagwa. Mwezi ukitimiza 30, tumepata siku moja ya kupumzika na kusoma Qur'ani.

Zaka ya fitri, chakula wanachopewa maskini kwa ajili ya Idd, nayo isingoje. Ni pishi moja (vibaba vinne) kwa kila mtu wa nyumbani, mpaka mtoto mchanga. Mwaka mmoja niliiacha hadi asubuhi yenyewe, nikachelewa, ikamfikia mzee niliyemkusudia watu wameshaswali. Ikitolewa baada ya swala huwa ni sadaka kama sadaka nyingine. Kilichoniuma zaidi ni kuona jiko la yule mzee halijawashwa, siku ambayo hata kufunga ni haramu. Tangu hapo naitoa siku moja au mbili kabla, kama alivyokuwa akifanya swahaba Ibn Umar (r.a.).

Asubuhi, tende kwa idadi ya witiri (moja, tatu, tano) na kitu cha kunywa vinatosha. Chakula kikubwa kingoje watu warudi. Idd-el-Hajj ni nyepesi kwa hili: tarehe 10 Mfunguo Tatu (Dhulhijja) inajulikana siku kadhaa kabla, na sunna ni kutokula mpaka swala imekwisha. Mnyama naye hachinjwi kabla ya swala. Aliyetangulia kuchinja amepata nyama tu, hakupata udhiya, yaani ibada ya kuchinja ya Idd hii. Na kwa madhehebu ya Shafii muda unaendelea mpaka jua la tarehe 13 lizame, kwa hiyo hakuna haja ya kuchinja, kukata, kugawa na kukaribisha wageni kwa saa tatu. Wanaume, kukata na kupeleka nyama majumbani iwe kazi yenu.

Kuosha vyombo pia. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kuwatumikia ahali zake.

Kwa wageni, usione haya kumwambia kila rafiki aje na kitu kimoja. Wanafurahi kuliko wakija mikono mitupu, na jirani asiye Mwislamu mwambie saa kamili, maana wengi wanapenda kuja ila wanaogopa kuingilia. Mialiko ya watu wengi isukume hadi siku ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza, mtangulize aliyefiwa mwaka huu. Kwake usikae dakika tano huku umeshika funguo. Keti, kula naye, mtaje marehemu kwa jina, umwombee dua.

Mwaka jana mama alikuja kufanya Idd kwetu. Usiku nilimpigia pasi nguo yake mwenyewe, naye akawa anauliza kila mara nani atabaki kutazama jiko. Nikamwambia jiko halina moto. Pale uwanjani mtoto wangu mdogo alilia tangu takbira za rakaa ya kwanza. Nikatoka naye mara tu tulipotoa salamu, khutba ikanipita. Tulirudi kwa njia nyingine, kama ilivyo sunna, mama amenishika mkono, na njia nzima alikuwa ananieleza imamu alivyosema.