Nani analilinda duka la zamani Jinja?
Ndugu, umeuliza kama jiji la Jinja, hapa Uganda, linaweza kulitangaza lile duka la zamani la Main Street kuwa urithi. Peke yake, hapana. Kisheria, tangu ile sheria ya majengo na kumbukumbu za kihistoria ya 1967 hadi hii mpya ya 2023, anayetangaza ni waziri anayehusika na mambo ya kale, na idara ya makumbusho iko chini yake. Jiji linatoa tu kibali cha ujenzi, na hapo ndipo majengo yanapoponyoka: Ijumaa jioni mabati yanazungushwa, Jumatatu ukuta wa mbele wenye mwaka uliochongwa juu ya baraza ni kifusi. Mtaa mzima kulindwa, kama Mji Mkongwe kule Zanzibar wenye mamlaka yake, kwetu bado ndoto. Piga picha sasa, kisha iandikie idara.