Njia ya basi kwanza, njia ya tatu baadaye
Uliyeuliza kama kuongeza njia ya tatu ya magari barabarani kutamaliza foleni ya kuingia bustani ya burudani: hakutamaliza, iwapo vibanda vya kulipia maegesho havitaongezwa. Magari yatajipanga tu kwa upana zaidi. Anza na njia ya mabasi pekee, yenye upana wa mita 3.5, na tafadhali usiikatishe mita 200 kabla ya makutano. Hapo ndipo basi hukwama nyuma ya magari yanayokata kona. Idadi ya mabasi ipigie hesabu kwa saa ya kufunga bustani, si asubuhi, kwani wote hutoka pamoja. Tuseme wageni 6,000 kwa saa, 60 kila basi: mabasi 100 kwa saa. Basi likitumia dakika 4 kupakia na kuondoka, sehemu moja ya kupakia inahudumia mabasi 15 kwa saa. Kwa hiyo jenga sehemu 7, na 2 za akiba.