Kwa mnaotaka kuuzia kampuni kubwa programu za wingu

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Lubumbashi, duka la dawa la Kampemba litawauliza bei. Kampuni ya madini au benki itauliza nani anaona data zake, na mfanyakazi akifukuzwa leo, atafungiwa mlango saa ngapi. Majibu ya maswali hayo hujengwa ndani ya programu tangu mwanzo. Kuyaongeza baadaye, wateja wakiwa tayari ndani, ni kazi ya miezi.

Kubwa kuliko yote ni kutenganisha data za wateja. Wengi wetu tunaweka wateja wote katika hifadhidata moja na kutegemea kila anayeandika msimbo akumbuke kuchuja kwa namba ya mteja. Siku moja atasahau. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, inaweza kuzuia yenyewe safu zisizo za mteja husika, ukiiwekea kanuni. Ila kuna mtego: akaunti inayomiliki jedwali haizuiliwi na kanuni hizo, isipokuwa umelazimisha. Basi programu iunganishwe kwa akaunti ya kawaida isiyomiliki kitu. Kisha andikeni jaribio linaloingia kama mteja mmoja na kuomba ankara ya mwingine. Likiipata ankara hiyo, toleo lisitoke.

Pia wekeni daftari la matukio: nani, alifanya nini, juu ya kitu gani, lini. Liandikwe bila kufutika, hata na msimamizi, na neno la siri lisiingie humo kamwe. Saa zihifadhiwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na ofisi kuu ikiwa kule, ugomvi wa "nani alibadilisha kwanza" huanzia hapo.

Kampuni kubwa hutaka watu wake waingie kwa akaunti ya kazini, kupitia SAML au OpenID Connect, njia sanifu za mfumo mmoja kuuthibitishia mwingine mtu ni nani. Msiandike itifaki hizo wenyewe; tumieni maktaba zilizokwisha kujaribiwa na wengi. Na kumbukeni kwamba kufunga akaunti ya kazini hakumtoi mtu aliyekwisha kuingia kwenu. Fupisheni muda wa kubaki ndani, au pokeeni taarifa za kuondolewa kwake kwa SCIM, njia sanifu ya mifumo kupashana habari za akaunti. Kwa maoni yangu, huduma hii ya kuingia kwa akaunti ya kazini isitozwe ziada, maana usalama si anasa.

Nakala za akiba mnazijua. Jaribuni kuzirudisha, basi.

Vyeti vya usalama msivikimbilie. Ripoti ya SOC 2, ya mkaguzi wa nje kuhusu usalama, ile ya aina ya pili, hupima kama taratibu zilifuatwa kwa kipindi cha miezi, hivyo bila kumbukumbu hakuna cha kupima. Someni kwanza sheria ya nchi yetu ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, hasa inapogusa data za watu. Na dodoso la usalama la mteja likifika, wekeni majibu yenu katika faili moja, kwa Kifaransa na Kiingereza. Pale msipokuwa na kitu, andikeni kwamba bado, na mwezi mnaokusudia kukikamilisha.