Maswali ya Wasomaji: Nani Hutangulia, Haidrojeni au Bromini?

SWALI: Katika mtihani wa majaribio tuliulizwa zao la mmenyuko wa propeni na haidrojeni bromaidi kukiwa na peroksaidi. Nilifuata kanuni ya Markovnikov nikaandika 2-bromopropani, nikakosa alama zote. Tuliambiwa kwamba hapo kanuni hugeuka, lakini sababu hatukuelezwa. Je, kanuni inayogeuka bado ni kanuni?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mafinga

JIBU: Vladimir Markovnikov, mkemia wa Urusi, aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1870, miaka 27 kabla ya elektroni kugunduliwa. Hakuwa na namna ya kujua kwa nini haidrojeni huelekea kwenye kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi zaidi. Alieleza tu jambo aliloliona likijirudia maabara. Wanafunzi wengi huikariri kwa maneno ya Injili, kwamba mwenye nacho ataongezewa, nami sina ugomvi nao mradi wasidhani kuwa kwa kukariri hivyo wamekwisha kuielewa.

Sababu imo ndani ya bondi maradufu, ile inayounganisha kaboni ya katikati ya propeni na mojawapo ya kaboni zake mbili za pembeni. Bondi hiyo ina jozi mbili za elektroni, na moja kati yake imeshikiliwa kwa ulegevu, kwa hiyo huwa tayari kukamata chochote kilichopungukiwa na elektroni. Katika hali ya kawaida kinachoingia kwanza kwenye propeni ni ioni ya haidrojeni. Ikitua kwenye kaboni ya pembeni yenye haidrojeni mbili, chaji chanya hubaki kwenye kaboni ya katikati, ambayo ina kaboni nyingine pande zake zote mbili za kuipunguzia mzigo. Ikitua katikati, chaji hubaki pembeni, kwenye kaboni yenye msaidizi mmoja tu. Njia ya kwanza huhitaji nishati ndogo zaidi, kwa hiyo karibu molekuli zote huipitia, kisha ioni ya bromaidi hujiunga na kaboni ya katikati na kutoa ile 2-bromopropani uliyoiandika.

Peroksaidi hubadilisha anayetangulia. Bondi kati ya atomu zake mbili za oksijeni ni dhaifu, na ikikatika hutoa radikali, yaani vipande vyenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Radikali hizo huipokonya haidrojeni bromaidi atomu yake ya haidrojeni na kuiacha atomu ya bromini ikiwa peke yake. Sasa bromini ndiyo inayoingia kwanza. Nayo hutua pembeni, kwa sababu elektroni isiyo na mwenzake hutulia zaidi ikibaki kwenye kaboni ya katikati. Haidrojeni huja baadaye, ikichukuliwa kutoka molekuli nyingine ya haidrojeni bromaidi, na zao huwa 1-bromopropani. Ukitazama vizuri utaona kwamba kaboni ya katikati ndiyo iliyobeba upungufu katika njia zote mbili, na kwamba kilichogeuka ni zamu ya kuingia.

Jambo hili lilifafanuliwa mwaka 1933 na Morris Kharasch na Frank Mayo wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kabla yao wakemia walikuwa wakibishana kuhusu matokeo yasiyolingana, kumbe alkeni (misombo ya kaboni na haidrojeni yenye bondi maradufu, kama propeni) zilizokaa muda mrefu zikigusana na hewa zilikuwa zimejitengenezea peroksaidi zenyewe.

Usiupeleke mgeuko huu kwenye haidrojeni kloraidi wala haidrojeni iodaidi, kwani bondi ya haidrojeni kloraidi ni imara mno kwa mnyororo wa radikali, ambamo kila radikali huzaa nyingine, kuendelea, na atomu ya iodini haina nguvu ya kutosha kuishambulia bondi maradufu. Vilevile usichanganywe na haidrojeni peroksaidi inayotumika baada ya borani, msombo wa boroni na haidrojeni, katika kutengeneza 1-propanoli, njia iliyomletea Herbert Brown Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Pale hakuna mnyororo wa radikali. Borani ndiyo iliyokwisha kuchagua upande, na peroksaidi huja tu kuweka kundi la haidroksili mahali pa boroni.

SWALI: Tunapotengeneza etheni, alkeni ya kaboni mbili, kwa kuchemsha ethanoli na asidi kali ya salfuriki, gesi hutoka kidogo na chumba hujaa harufu tamu nzito. Wenzangu wanasema ni kwa sababu Mbeya iko juu na ethanoli huchemka mapema. Je, ni kweli?
Mwalimu wa kemia, Mbeya

JIBU: Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi ethanoli huchemka takriban nyuzijoto 5 chini ya kiwango cha pwani, lakini hilo si kosa la jaribio lenu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ethanoli huwa imekwisha kushikana na asidi kabla ya mchanganyiko kupata moto. Harufu hiyo ni ya etha. Karibu na nyuzijoto 140 molekuli mbili za ethanoli hupoteza maji kwa pamoja na kutoa etha. Kuanzia nyuzijoto 170 molekuli moja hupoteza maji yake peke yake na kutoa etheni. Balbu ya kipimajoto iwe ndani ya mchanganyiko wenyewe, wala si juu yake. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani na kushika moto haraka, hivyo msiache burna nyingine ikiwaka karibu.

Pitisheni gesi kwenye myeyusho wa sodiamu haidroksaidi kabla ya kuipima. Asidi huunguza sehemu ya ethanoli na kutoa dioksidi ya salfa, ambayo nayo huondoa rangi ya maji ya bromini, kipimo cha alkeni, na mwanafunzi anaweza kusherehekea alkeni ambayo haipo. Kwa shule isiyo na chemba ya kutolea mvuke, ningependekeza mvuke wa ethanoli upitishwe juu ya alumina (oksidi ya alumini) iliyopashwa moto sana: asidi haihitajiki, na gesi hutoka safi zaidi.

SWALI: Je, kabaidi ya kuivishia matunda hutoa gesi ileile inayotoka kwenye tunda?
Mnunuzi wa parachichi, Tukuyu

JIBU: Hapana. Tunda hutoa etheni; kabaidi ikipata maji hutoa asetilini, yenye bondi ya mara tatu, ambayo tunda huiitikia kwa udhaifu. Kabaidi ya viwandani huweza pia kuwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, na India imeipiga marufuku kwa kazi hiyo. Ndizi chache zilizoiva, zikifungiwa pamoja na parachichi zilizokomaa, zitatoa etheni ya kutosha. Kwa mzigo unaosafiri mbali fanya kinyume chake: toa kila tunda lililoanza kulainika, kwa sababu etheni yake itayaivisha yaliyobaki kabla hayajafika sokoni.